Michezo ya Wagiriki wa kale darasani kwangu Butembo wakati wa vita, na siku kamba zetu ziliposhikwa barieri

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo vipi.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, nalala. Leo naweka wa kwangu. Sina faida ya kumdanganya mtu nisiyemwona, kwa hiyo nitaandika nilichokiona na nilichokifanya, na pale nilipokwisha kusahau nitasema nimesahau.

Kilichonisukuma ni mtoto wa jirani yangu hapa Mwanza. Juzi alikuja na project ya shule, wameambiwa watengeneze kwa maboksi kisahani cha kurusha kama cha Wagiriki wa kale. Akaniuliza, "Mama, hawa watu walikuwa wanarusha kweli, au ni picha tu?"

Swali hilo likanirudisha mbali.

Mimi ni Mkongo, Mnande wa Butembo, Kivu Kaskazini. Niiteni Kavira. Kiswahili hiki cha kuandika nimejifunza huku kwenu baada ya kuolewa. Cha nyumbani kimechanganyika na Kifaransa na Kinande, kwa hiyo mkikikuta kwenye midomo ya watu humu ndani msinisahihishe. Ndivyo tulivyosema.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Kongo. Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita kwenye shule ya msingi ya Wakatoliki, juu ya kilima, pembeni ya mji.

Kwa wasioijua Butembo: ni mji wa wafanyabiashara, uko juu, asubuhi ni baridi na ukungu. Risasi zikisikika maduka yanafungwa. Zikinyamaza yanafunguliwa, na mtu anaendelea kupima misumari alipoishia. Shule nayo ilikuwa hivyo hivyo.

Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na huko nje barabarani na msituni kulikuwa na makundi mengine. Sitataja kundi lolote. Uzi huu si wa siasa, nawaomba tusiende huko.

Sasa, watoto wa vita wana tabia moja ambayo mwalimu yeyote aliyewafundisha anaijua.

Hawaulizi.

Mtoto aliyezoea kuambiwa "nyamaza, usiulize, usitazame" kila watu wenye bunduki wanapopita, ukimwambia darasani aulize swali anakutazama tu. Ukiandika ubaoni anaandika. Ukifuta anasubiri. Nilikuwa na watoto zaidi ya hamsini, na kulikuwa na siku nilihisi nafundisha madawati.

Kitabu cha historia kilikuwa kimoja, changu mimi, kimepoteza jalada. Siku hiyo tulifika Ugiriki ya kale. Kurasa tatu. Wagiriki walikuwa na michezo mahali panaitwa Olympia, kila baada ya miaka minne, walikimbia, walipigana mieleka, walirusha kisahani na mkuki, waliruka. Kulikuwa na picha ya mtu anaruka, imechorwa kutoka kwenye chungu cha zamani. Nikapitisha kitabu dawati kwa dawati.

Kikafika kwa Masika.

Masika alikuwa binti wa fundi wa malori, mdogo wa umbo, mkaidi kwa uso. Sikuwahi kumsikia akisema kitu darasani zaidi ya "présente" ya kuitikia jina asubuhi. Akakishika kitabu muda mrefu kuliko wenzake, halafu akanyoosha kidole.

"Madame, huyu mutu anaruka, lakini iko na kitu mu mikono. Ni nini?"

Nikaenda kutazama. Kweli, mrukaji ameshika vitu viwili kama simu za zamani za mezani, kimoja kila mkono. Nimefundisha ukurasa ule miaka minne sijawahi kuviona.

Nikasema, "Masika, sijui. Nitauliza."

Darasa zima liliinua vichwa. Nadhani walikuwa hawajawahi kumsikia mwalimu akisema hivyo.

Jioni nikaenda parokiani kwa Abbé Anselme. Huyu alikuwa padri mzee, Mnande mwenzetu, aliyefundisha Kilatini na Kigiriki seminari ndogo mpaka masikio yakaanza kumsaliti. Wakati huo alifuga sungura na kugombana na mpishi. Nikamkuta anakata majani ya sungura, nikamwonyesha picha.

"Ni mawe," akasema bila kunitazama.

"Mawe ya nini, Abbé?"

"Ya kurukia. Bagiriki balikuwa banaruka na mawe mu mikono. Ingine ya chuma."

"Lakini mutu akibeba mawe si ataanguka karibu?"

Akaacha kukata. "Kavira, ujaribu kwanza. Kiisha ukuje kunibishia."

Kesho yake sikufungua kitabu. Niliwaambia watoto kila mmoja atafute mawe mawili yanayomjaa mkononi, halafu tukatoka uwanjani. Kwanza nikawapigisha kura: mawe yatasaidia au yatazuia? Karibu wote walisema yatazuia. Mimi pia, moyoni, nilikuwa upande huo.

Hatukuwa na mita ya kupimia. Tulikuwa na kamba za mkonge. Kila mtoto akakatiwa kamba yake. Anasimama kwenye mstari, anaruka bila kukimbia, mwenzake ananyoosha kamba mpaka kwenye kisigino na kufunga fundo. Mara tatu mikono mitupu, mafundo matatu. Halafu mara tatu na mawe, mafundo meusi, tuliyapaka unga wa mkaa.

Raundi ya kwanza na mawe walianguka kama viazi. Wengine walijigonga magoti. Nikajiambia, Abbé amezeeka.

Halafu Masika akagundua siri. Alianza kuyabembeza mawe nyuma na mbele, nyuma na mbele, akayaacha yamvute yakienda mbele, na kabla ya kutua akayatupa nyuma yake.

Alipita fundo lake la mwanzo kwa zaidi ya shubiri nzima.

 Halafu wakaanza wote kusema kwa pamoja. "Rudilia." "Ni juu ya nini?" "Mawe ndiyo ilimuvuta?" "Na mawe kubwa zaidi?" "Na kama iko jiwe moja tu?" Mpaka kengele inalia nilikuwa sijajibu hata moja, na hapakuwa na aliyetaka kurudi ndani.

Wakuu, mimi si mtu wa machozi. Lakini nilienda nyuma ya choo cha walimu nikajifuta uso.

Baada ya hapo hatukurudi nyuma. Baba yake Masika akatupa disc ya klachi iliyochakaa, ikawa kisahani chetu. Mieleka niliiruhusu mara moja tu, mashati yakachanika na kina mama wakaja juu.

Mkuki niliufuta mwenyewe kabla haujaanza. Watoto wa Butembo wakionekana kilimani wanarusha mikuki wakati ule, lingekuwa jambo la kuzika watu.

Mbio ndizo zilituchukua wiki nzima, kwa sababu ya kupima. Abbé aliniambia uwanja wa mbio wa Wagiriki uliitwa stade, na ulikuwa futi mia sita, yaani nyayo mia sita kisigino kwa kidole.

"Mguu ya nani?" akauliza Kambale mmoja. (Kwetu jina hufuata mtoto kazaliwa wa ngapi, kwa hiyo nilikuwa na kina Kambale sita darasani.)

Nikarudi kwa Abbé. Akacheka mpaka akakohoa. Kila mji ulikuwa na mguu wake, ndiyo maana stade za Wagiriki hazilingani. Ya Olympia walisema ilipimwa na shujaa wao mkubwa kuliko wote.

Watoto wakajadili, wakaamua mkubwa wetu ni Directeur, mkuu wa shule. Directeur wetu alikuwa mtu wa tai kila siku, hata siku za risasi. Alikataa, halafu akakubali kwa sharti darasa zima lihesabu kwa Kifaransa kisafi. Akaanza, kisigino kwa kidole. Alipofika mia nne na kitu mzazi mmoja akamsalimia, naye kwa heshima akasimama kuitikia, hesabu ikapotea. Akaanza upya. Nilimwona anatabasamu, kitu adimu.

Wasichana waliniuliza kama wasichana wa Ugiriki walikimbia. Nikawaambia kwa mujibu wa Abbé walikuwa na siku yao, lakini uwanja wao ulipunguzwa sehemu moja ya sita.

Masika akasema, "Ile yetu haitapunguzwa." Haikupunguzwa.

Sasa hapa ndipo Beni inapoingia.

Dada yangu Kahindo alifundisha darasa la sita Beni, kaskazini yetu, chini kwenye joto. Si mbali kwa gari, siku za amani ni safari ya asubuhi. Lakini wakati ule barabara ilikuwa na barieri, vizuizi vya askari, na tulikuwa hatujaonana zaidi ya mwaka. Tulitumiana barua kupitia dereva wa lori aitwaye Paluku, mtu mpole aliyebeba viazi na vitunguu kwenda na mafuta ya mawese kurudi.

Nikamwandikia Kahindo habari za mawe. Akajaribu na watoto wake. Baada ya wiki mbili Paluku akashusha kifurushi: kamba, kila moja na karatasi ya jina la mtoto. Watoto wangu wakazitandaza sakafuni kando ya zao, wakapima, wakabishana, wakaomba marudio.

Ndivyo yalivyoanza mashindano ya kamba kati ya Butembo na Beni. Watoto waliwajua wenzao kwa urefu wa kuruka. "Huyu wa Beni iko na fundo ya mbali" ilikuwa sifa kubwa.

Katikati ya hayo nikafanya kosa. Kitabu kilisema wakati wa michezo Wagiriki walisimamisha vita, nami nikalisema kama lilivyo.

Kambale aliyekaa nyuma, mtoto wa waliokimbia kijiji chao, akainua mkono. "Nani alienda kuambia basoda baache?" Basoda, yaani askari.

Sikujua. Nikaenda parokiani tena, Abbé akatikisa kichwa. "Hapana, hapana. Vita haikusimama. Bengine balipigana tu. Lakini ule mwenye alikuwa anaenda ku michezo, hapana kumugusa mu njia. Njia ndiyo ilifunguliwa."

Nikarudi darasani nikasema nilikosea. Vita haikusimama, njia tu ndiyo ilifunguliwa. Niliogopa watavunjika moyo. Ikawa kinyume. Vita kusimama hawakuiamini tangu mwanzo. Njia kufunguliwa waliielewa mara moja.

"Donc, basi, tunaweza kuomba njia," Masika akasema. "Twende kuona bale ba Beni."

Nikawaambia haiwezekani, na nikafuta ubao.

Siku chache baadaye, saa nne asubuhi, kijana wa lori la Paluku alikuja shuleni kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope. Wamekamatwa barieri ya katikati ya njia. Askari wamekuta kamba zenye mafundo na majina na wanasema ni hesabu: ngapi askari, ngapi bunduki, wapi. Paluku yuko chini ya ulinzi tangu jana. Wanataka aliyezituma.

 Nilimwambia Directeur, nikitegemea atanizuia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Tunaenda," akasema.

Tukaondoka na kijana yule saa ile ile.

Commandant wa barieri alikuwa mtu mnene kutoka mkoa wa mbali, Kiswahili chake kimejaa Lingala. Kamba zetu zilikuwa mezani kwake kama nyoka waliokufa. Paluku alikuwa amekaa chini kando ya ukuta, uso umevimba upande mmoja. Hakuniangalia.

"Mwalimu gani anatuma kamba?" akauliza. "Hapa mafundo tatu, hapa tatu ya nyeusi. Ni nini? Sema bosolo."

Yaani ukweli, kwa Lingala.

Nikageuka kwa Directeur. Alikuwa anafuta miwani tena. Basi nikaanza mimi. Wagiriki, Olympia, mawe, shubiri ya Masika. Nilijisikia nikisema na nikaona jinsi isivyoaminika. Askari mmoja akacheka puani.

"Bagiriki," Commandant akasema polepole.

"Ndiyo, Commandant."

"Onyesha."

Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, nimevaa kikwembe, yaani kitenge. Nikakikaza kiunoni, nikachora mstari vumbini kwa kandambili, nikaruka. Askari wakashika matumbo. Nikamwomba Directeur afunge fundo, naye, Mungu ambariki, akapiga magoti na tai yake akafunga. Nikaokota mawe mawili kando ya barabara, nikayabembeza kama nilivyomwona Masika, nikaruka.

Fundo la pili likapita la kwanza. Si kwa mengi, ila lilipita.

Kicheko kikapungua. Commandant akaja mwenyewe, akachuchumaa, akainyoosha kamba, akaitazama.

"Rudilia."

Nikarudia mara tatu. Jasho lilinitoka kwa hofu kuliko kwa kuruka. Mara ya tatu akavua koti lake la kijeshi, akampa askari, akachukua mawe yangu.

Mikono mitupu aliruka vizuri. Na mawe alianguka kwa matako, vumbi likapanda. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka yeye, bado kakaa chini.

"Inavuta," akasema. "Kweli inavuta."

Alirudia mpaka akapita fundo lake. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Bale batoto ba Beni na bale ba Butembo, balishaonana?"

"Hapana, Commandant."

"Juu ya nini?"

Nilitazama mwanzi uliofunga barabara. Naye akautazama. Halafu akasema niwalete Jumamosi ya pili kutoka hiyo, wa huku na wa kule, wachezee pale pale, kuna tambarare.

Paluku aliachiwa. Tuliporudi naye kwenye lori nilijaribu kumwomba msamaha, kichwa changu chini.

"Madame," akasema, "mara ingine unitumie barua. Hapana kamba."

Sijawahi kumlaumu.

Nikamwandikia Kahindo aje na watoto wake, safari hii barua tu. Mkutano wa wazazi ulikuwa mkali. Mama yake Masika alisimama akaniuliza mbele ya wote, "Mutoto wangu afike barieri juu ya kuruka na mawe? Madame, uko na mutoto, wewe?"

Sikuwa naye, wakati huo. Nikamjibu kwamba simlazimishi mtu, na kwamba mimi mwenyewe ningeogopa. Wengi walikataa. Walikubali wazazi kumi na nane. Mama Masika alikuwa wa mwisho, na alikubali kwa kusema naye anapanda lori hilo hilo.

Jumamosi ikafika. Directeur, aliyesema haji, alikuwa wa kwanza kupanda.

Tulipofika barieri, Commandant yule hakuwepo. Amehamishwa juzi yake.

Aliyekuwepo alikuwa kijana zaidi, mwembamba, amekaa juu ya kreti la bia na blanketi mabegani, anakohoa. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Ule alienda na mambo yake. Hapa hakuna mutoto anavuka."

Na upande wa pili wa mwanzi walikuwa wameshafika watoto wa Beni, wamesimama mstari mmoja, na dada yangu mbele yao. Amekonda. Tulisalimiana kwa mikono hewani kama watu wa ng'ambo mbili za mto.

Nilikuwa nageuka kuwaambia watoto wapande lori. Lakini wao walikuwa tayari wanachora mstari. Upande wa Beni nao wakachora. Wakaanza kuruka, hawa huku, wale kule, wakitupiana kamba juu ya mwanzi. "Wewe ndiye Kambale wa fundo ya mbali?" "Ni mimi." "Uko mufupi hivi?"

Askari wakasogea kutazama. Watu waliokuwa wakingoja kuvuka, wenye ndizi na maharage yao, wakasogea pia. Commandant huyu mpya hakutoka kwenye kreti.

Halafu ikafika zamu ya mbio. Nikaona Masika anaenda moja kwa moja kwa Commandant. Nilinyoosha mkono kumkamata, nikashika hewa. Nyuma yangu mama yake alitoa sauti ndogo.

"Commandant," Masika akasema, "tunaomba mguu yako."

"Nini?"

"Ya kupima. Kwetu tulipima na mguu ya Directeur, kwabo na mguu ya Masœur, mutawa mukubwa wa masomo yabo. Haifanane. Hapa mukubwa ni wewe. Nyayo mia sita."

Akatazama buti zake. Nilianza Baba Yetu kimoyomoyo.

Akatua blanketi. Akasimama penye mstari wetu, akaweka buti mbele ya buti. Watoto wakaanza kuhesabu, un, deux, trois, na wa Beni wakadakia. Alitembea kwa makini kama mtu anayevuka gogo. Mia moja. Mia mbili. Kila mtu amekodoa macho kwenye zile buti.

Kwenye mia tatu na kidogo, buti lake likafika chini ya mwanzi.

Akasimama. Watoto nao wakasimama kwenye namba ile ile, wakingoja. Askari aliyeshika kamba ya mwanzi akamtazama mkubwa wake. Naye hakumtazama mtu, alikuwa anatazama buti lake lisisogee.

"Inua," akasema.

Mwanzi ukapanda. Akaendelea kuhesabu.

Alimalizia mia sita yake upande wa Beni, katikati ya watoto wa dada yangu, akageuka kutazama alikotoka. Nadhani hapo ndipo alipoona amefanya nini. Akakohoa.

"Mbio moja," akasema. "Moja tu."

Walikimbia wanane, wanne wetu na wanne wao, wavulana na wasichana pamoja, kutoka upande wetu mpaka upande wao, chini ya mwanzi ulioinuliwa. Wakati wote macho yakiwa kwao, wale watu wa ndizi na maharage walivuka taratibu pembeni, bila kusema neno, na hakuna aliyewazuia. Mimi na dada yangu tulishikana mikono. Mikono yake ilikuwa ya moto.

Masika alikuwa wa tatu. Alilia kwa hasira, mama yake akamfuta kwa kitambaa cha kichwani.

Aliyeshinda alikuwa msichana wa Beni, mrefu, peku, gauni la njano kubwa kuliko mwili wake, ameshika pindo kwa mkono mmoja kilometa... samahani, nyayo zote mia sita. Nilikuwa nimesuka taji la majani ya mkaratusi, maana mzeituni hatuna. Nikamvika. Nikamwuliza jina. Akanijibu, lakini askari walikuwa wameanza kupiga kelele watu wagawanyike, kila mtu upande wake, na sikusikia. Nikasema moyoni, Kahindo ataniandikia.

Mwanzi ukashuka. Tukarudi nyumbani.

Mambo yaliendaje baadaye? Vita ilisogea. Beni ikajaa wakimbizi, shule ya dada yangu ikafungwa, madaftari yote ya majina yakapotea humo humo. Kahindo yu hai, ana wajukuu. Abbé alifariki kwa uzee kitandani kwake, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa zawadi. Masika anauza vipuri vya malori Butembo na bado ana uso ule ule. Wale makamanda wawili sijui waliishia wapi.

Nilichojifunza, wakuu: mtoto hajifunzi kuuliza kwa kuambiwa aulize. Mpe kitu mkononi kinachobishana na anachokijua, halafu uvumilie usijibu haraka. Nimeona walimu wenye vitabu vingi wakishindwa na hilo, nami nilishindwa miaka minne.

Lakini kuna kitu kinanisumbua, na ndicho kilichonifanya niandike.

Nimemwuliza Kahindo mara nyingi jina la yule msichana. Anachokumbuka ni kwamba alitokea upande wa Mangina, aliishi kwa shangazi yake, akasoma muhula mmoja tu, halafu familia ikahama tena. Jina halimjii. Nilimvika taji mtoto ambaye sikusikia jina lake, na ile ndiyo mbio pekee niliyowahi kuona barabara ile ikifunguliwa kwa ajili yake.

Humu kuna watu wa kila mahali, na wa kwetu najua mpo mnaosoma kimya kama nilivyokuwa. Kama ulikuwepo barieri siku ile, au una mama, dada, shangazi aliyewahi kusimulia kwamba alikimbia na gauni la njano chini ya mwanzi, andika hapa chini. Jina tu linatosha.

Na walimu, nanyi mtuambie mliwafundisha vipi watoto waliokuwa wameacha kuuliza. Nasoma kila jibu.